Mukuna, ng'ombe wa shemeji na kaboni iliyopanda kwenye karatasi: uchambuzi wa kisa kimoja Vihiga

Januari 2022 maabara ilitutumia karatasi iliyosema kwamba kaboni katika udongo wa Mama T., mkulima aliyekuwa akijaribu mukuna, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa na kufunika udongo, imepanda kutoka asilimia 1.42 hadi 1.92 ndani ya miaka mitatu. Tuliisoma mbele ya kikundi chini ya mwembe wake, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga nao. Ilinichukua miezi kadhaa kukubali kwamba namba ile haiwezekani. Hesabu iliyonifumbua macho inaenea kwenye kiganja cha mkono, na ningeweza kuifanya siku ileile kabla chai haijapoa.

Kisa hiki nawaandikia maofisa wa ugani na viongozi wa vikundi, ambao siku hizi wanaulizwa karibu kila baraza kama shamba la fulani "lina kaboni". Majina, kijiji na kikundi nimevificha, na mambo mawili matatu ya boma nimeyabadilisha ili mwenyewe asitambulike.

## Usuli

Shamba liko Vihiga, kwenye mteremko unaoishia kijitoni. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba katika kaunti hii, kwa hiyo ukisikia mtu ana ekari moja na robo usimwonee huruma. Wengi hawana hata nusu ya hiyo. Mama T. ni mjane wa miaka hamsini na kitu. Nyumba iko juu, nyuma yake migomba, halafu mahindi yanashuka mpaka chini. Tangu aolewe, anasema, ardhi hiyo haijapumzika hata msimu mmoja. Mvua ndefu ni mahindi, mvua fupi ni maharagwe, na katikati ng'ombe wa shemeji yake wanaingia kumaliza mabua.

Anayejua mashamba ya huku anajua rutuba yake imekaaje. Karibu na nyumba udongo ni mweusi, umelishwa majivu, taka za kufagia, mavi ya kuku na samadi miaka nenda miaka rudi. Shuka hatua hamsini, rangi inapauka, mahindi yanakuwa manjano, na kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, inachanua maua yake ya zambarau kana kwamba imepandwa kwa mkono. Vipimo vya mwanzo vilionyesha udongo wenye asidi, pH 5.1, na fosforasi haba, kama ilivyo sehemu kubwa ya magharibi. Weka alama hapo kwenye tofauti ya juu na chini ya shamba, itatusumbua baadaye.

Mradi ulionituma ulikuwa na malengo mawili ambayo mwanzoni niliyaona kama kitu kimoja: kuongeza mavuno na kuongeza kaboni ardhini, yote kwa mimea ya kufunika udongo. Hilo la pili ndilo lililovuta watu. Watu walikuwa wamesikia habari za mradi wa kaboni wa shirika la Vi Agroforestry huko Kisumu na Bungoma, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ambao mapema 2014 ulipata hati zake za kwanza za kuuza kaboni, za tani 24,788 za kaboni dayoksaidi. Habari hiyo ilipofika kijijini ilikuwa imefupishwa sana: kuna wazungu wananunua hewa.

## Mwaka wa upupu

Februari 2019 tulipima vipande viwili vinavyopakana, kila kimoja robo ekari, vyote vikianzia kwenye migomba na kushuka mpaka kijitoni. Kimoja kingepata mukuna. Kingine kingelimwa kama kawaida. Tuliteremsha keekee ya udongo, chuma cha kutoboa na kuchota udongo, sentimita 20, mara kumi katika kila kipande kwa mwendo wa zigizaga, tukachanganya kwenye beseni na kutia nusu kilo kwenye mfuko wa khaki. Vipande vyote viwili vilikuja karibu sawa, wastani asilimia 1.42.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa jina. Mukuna inayolimwa ni ndugu wa damu wa upupu wa porini, na Mama T. hakuhitaji mtu wa kumfundisha botania.

"Ofisa, hii ni upupu. Unataka nijikune mpaka nitoke damu, halafu uniite mkulima wa mfano?"

Aina ya shambani haina vile vinyweleo vinavyowasha, lakini maneno hayakutosha. Nilichukua ganda kavu nikalisugua kwenye mkono wangu mbele yake. Akakaa ananitazama kama nesi anayesubiri sindano ifanye kazi. Dakika kumi zikapita, sikujikuna, akazipokea mbegu.

Halafu nikaharibu. Mwongozo wa mradi ulisema mukuna ipandwe wiki mbili baada ya mahindi. Labda unafaa mahali pengine. Kwa mvua za Vihiga, kufikia Juni mukuna ilikuwa imepanda juu ya kila bua na kulivuta chini, na shamba likawa kama limepigwa na mvua ya mawe. Kipande kilichozoea kutoa magunia mawili ya kilo 90 kilitoa moja na gorogoro chache. Kwa nyumba ya watu sita, hilo ni pengo la miezi.

Nilitarajia anifukuze. Hakunifukuza, ila msimu uliofuata hakuniuliza chochote.

## Maamuzi aliyoyafanya yeye

2020 korona ilifunga safari zetu kuanzia Machi. Niliporudi mwishoni mwa mwaka nilikuta mambo yamenyooshwa bila mimi. Mukuna ilikuwa imepandwa baada ya palizi ya pili, mahindi yakiwa yamefika kifuani, kwa hiyo ilipoanza kutambaa kwa nguvu mahindi yalikuwa yanakauka na hayana cha kupoteza. Mahindi nayo alikuwa ameyatilia mbolea ya fosforasi, kifuniko kimoja cha soda kwa kila shimo. Hilo lilikuwa wazo zuri kuliko alivyojua: jamii ya kunde ikikosa fosforasi haitengenezi vifundo vya kutosha mizizini, na bila vifundo naitrojeni ya hewani inabaki hewani. Niliyaona majani yamefunika udongo hata ukitaka kuona mchanga mwekundu ni lazima upige magoti na kupenua.

Desemba ng'ombe wa shemeji walikula nusu yake kwa siku tatu.

Hapa mradi ulikuwa na jibu tayari: waya na nguzo, tungelipa sisi. Mama T. alikataa, na sababu yake naiandika hapa kwa sababu haimo kwenye mwongozo wowote niliowahi kuuona. Shamba likishavunwa, kwa desturi, ni malisho ya wote. Kuweka ua ni kumwambia ndugu wa marehemu mume wako kwamba ardhi imegawanywa upya. Mjane hafanyi hivyo kwa sababu ya majani. Badala yake alimwita shemeji, wakakubaliana: theluthi moja ya mukuna, kule chini kijitoni, shemeji angeikata mwenyewe kuanzia Oktoba na kuwapelekea ng'ombe zizini, na kila Februari angeleta mikokoteni kumi na miwili ya samadi kabla ya kupanda.

Mwenzangu mmoja wa mradi aliona tumepoteza theluthi ya kaboni yetu. Mimi nilisema tumepata mlinzi. Tangu siku hiyo hakuna ng'ombe wa mtu yeyote aliyekanyaga kipande kile, maana sasa shemeji ndiye aliyekuwa akiwafukuza.

Msimu wa 2021 ulikuwa mzuri kuliko yote. Tulikata mukuna ndani ya fremu ya mita moja kwa mita moja, mahali patatu, tukaianika mpaka ikakauka kabisa. Wastani ulikuwa gramu 550. Kwa robo ekari nzima hiyo ni kama kilo 550 za majani makavu.

## Karatasi ya Januari

Vijana wawili wa kikundi ndio waliochukua udongo wa Januari 2022. Niliwakabidhi keekee na mifuko, nikaenda kwenye mkutano Kakamega. Kipande cha kawaida hakikupimwa, ili kuokoa ada ya maabara. Namba ikaja 1.92.

Mwaka ule mbolea ya DAP ilipita shilingi 6,000 kwa gunia la kilo 50, na ruzuku ya serikali iliyoishusha hadi 3,500 ilikuja Septemba, baada ya mahindi ya mvua ndefu kuvunwa. Kwa hiyo karatasi ilipotua ilikuta watu wana njaa ya habari njema. Kaya zaidi ya ishirini ziliomba mbegu. Mradi uliiweka namba kwenye ripoti.

Aliyenisimamisha ni mzee mmoja mweka hazina wa kikundi. Hakuuliza kuhusu udongo. Aliuliza: "Hiyo nusu asilimia, ukiipima kwa mizani, ni kilo ngapi? Ndiyo tujue tutalipwa nini." Nikamwambia nitamletea jibu.

Nendeni na mimi polepole. Robo ekari ni karibu mita za mraba 1,000. Kwa kina cha sentimita 20 na udongo wenye uzito wa kama tani 1.2 kwa mita ya ujazo, kipande kile kina tani 240 za udongo. Nusu asilimia ya tani 240 ni kilo 1,200 za kaboni tupu. Mkaa mzuri ni kaboni kwa sehemu kubwa, basi chukua picha hii: magunia kumi na matatu ya kilo 90 ya mkaa, yamesagwa na kufukiwa kwenye robo ekari.

Sasa upande wa pili wa daftari. Majani makavu kilo 550, kaboni ikiwa asilimia 43 hivi, ni kilo 235 kwa msimu. Jifanye kwamba misimu yote mitatu ilikuwa mizuri kama wa 2021, kwamba hakuna ng'ombe aliyeingia wala theluthi iliyotolewa: kilo 705. Ongeza mizizi, robo nyingine: 880. Sijatoa bado kile ambacho vijidudu vya udongo hukila na kukirudisha hewani, ambacho kwa majani laini ya mukuna, katika joto na unyevu wa huku, ndiyo sehemu kubwa, na ndani ya miezi michache. Wala sijasema kwamba mukuna ya 2021 ilikuwa bado imesimama shambani siku udongo ulipochukuliwa.

Samadi ya shemeji ilikuwa haijafika hata mkokoteni mmoja. Zamu yake ya kwanza ya kuileta ilikuwa Februari 2022. Yaani tulikuwa tumetangaza akiba ya kilo 1,200 kwenye akaunti iliyowekwa 880 kwa makadirio ya ukarimu wa kupindukia.

## Kosa lilikuwa wapi

Nilirudi kwa wale vijana, tukaenda shambani na keekee ileile. Januari udongo ni mkavu kama tofali. Kijana mmoja alikanyaga, akazungusha, keekee ikagoma. Nilipopima shimo lilikuwa na sentimita 12. "Ndivyo tulivyofanya," akasema, bila kuficha, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni neno kubwa. Keekee haikuwa na alama yoyote. Kuitia alama ilikuwa kazi yangu.

Hizo sentimita 12 si jambo dogo. Majani yanaozea juu, mizizi midogo imejaa juu, kwa hiyo kaboni inapungua kadiri unavyoshuka. Ukilinganisha sentimita 12 za mwaka huu na 20 za mwaka ule, umepandisha kaboni bila mmea wowote. Pili, mashimo yao sita kati ya kumi yalikuwa nusu ya juu ya shamba, karibu na migomba, kwenye ule udongo mweusi nilioutaja. Chini kulikuwa na vichaka vya mukuna na hofu ya nyoka. Ningekuwa mimi pengine ningefanya vivyo hivyo. Tatu, kwenye mfuko uliobaki nilikuta vipande vya mabua ya mukuna na chembe mbili za mkaa wa jikoni. Kitu kama hicho kisipochekechwa, maabara inakipima kama udongo.

Februari 2023, baada ya mvua kidogo, tulirudia. Keekee ilifungwa utepe mwekundu kwenye sentimita 20. Mashimo yalifuata mchoro wa 2019, vipande vyote viwili, udongo ukachekechwa. Mfuko mmoja niliugawa mara mbili na kuupeleka maabara chini ya majina mawili tofauti. Wataniwia radhi.

Kipande cha mukuna: 1.46. Kipande cha kawaida: 1.35. Ule mfuko wa majina mawili ulirudi na namba mbili zilizopishana kwa 0.07.

## Tunaloweza kusimamia

Ukitazama kipande cha mukuna peke yake, hakuna kilichotokea: 1.42 kwenda 1.46 ni ndani ya mtikisiko wa maabara yenyewe. Kisa kinaonekana ukiweka vipande bega kwa bega. Cha kawaida kimeshuka, cha mukuna kimekaa palepale. Tofauti ni 0.11, kubwa kidogo tu kuliko mtikisiko, kama kilo 260 za kaboni kwa robo ekari. Na sehemu ya hizo siamini kwamba iliingia kupitia majani. Ni udongo ambao haukuondoka. Aprili 2022 nilisimama kijitoni wakati wa mvua kubwa: maji ya kipande cha kawaida yalishuka na rangi ya chai ya maziwa, ya upande wa mukuna yalichelewa, yakaja kidogo na karibu meupe.

Hali hii isingewashangaza waliofanya majaribio ya muda mrefu ya CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo, magharibi mwa Kenya. Matokeo yao yaliyochapishwa 2018 yalisema kilimo hifadhi, yaani kulima bila kupindua udongo na kuuacha umefunikwa, na matumizi ya pamoja ya mbolea na mabaki ya mimea vilipunguza upotevu wa kaboni, lakini havikuiongeza juu ya pale ilipoanzia. Ningeyasoma kabla ya kupiga makofi, ningekaa kimya. Ndiyo maana kuacha kupima kile kipande cha pili ili kuokoa ada ya sampuli moja nakuhesabu kuwa kosa baya kuliko la keekee. Bila jirani wa kulinganisha naye, mtu aliyezuia hasara anaonekana hajafanya lolote.

Mweka hazina nilimpelekea jibu lake. Kilo 260 za kaboni, zidisha kwa 3.67 (kaboni ikishikana na oksijeni huongezeka uzito mara hizo), ni takriban kilo 950 za kaboni dayoksaidi. Haijafika tani moja, kwa miaka minne. Mnunuzi akitoa dola kumi kwa tani, Mama T. angepata chini ya dola kumi kabla ya mpimaji na mkaguzi kuchukua chao. Mzee alicheka mpaka akavua miwani.

Kwenye mahindi habari ni nyingine. 2022 kipande cha mukuna na samadi kilitoa magunia matatu, cha kawaida mawili kasorobo. Lakini hapa Mama T. alinishika mahali ambapo ripoti yetu haikugusa. Mukuna inakalia shamba wakati wa mvua fupi, na mvua fupi ni za maharagwe. Robo ekari ile ilikuwa ikimpa debe mbili na nusu. Mbegu za mukuna huwezi kuzipika tu kama maharagwe, zina kemikali ya L-dopa inayodhuru mtu. Kilo moja ya maharagwe sokoni huenda mara mbili ya kilo ya mahindi, pengine zaidi. Pata gunia moja la mahindi, poteza debe mbili na nusu za maharagwe: ni sare, na mtoto hali sare. Aliifanya hesabu hiyo kwa mdomo huku anapepeta mtama.

Mbolea ilipokuwa 6,000, mukuna ilishinda. Iliposhuka, ikawa ya kujadiliwa.

## Shamba lilivyo sasa

Mukuna imebaki theluthi ya chini tu, ile ya shemeji, ambako mteremko ni mkali na maharagwe hayakuwa yakifanya vizuri. Juu yake amepanda fiwi, ile njahi, inayofunika udongo karibu sawa na mukuna na punje zake huliwa na kuuzwa. Kingoni kuna mitoo. Tanzania mmea huo huo huitwa marejea na hupandwa kurutubisha udongo. Kwake ni mboga kwanza, mengine baadaye. Nakubali kwamba kwa kaboni tupu mpango huu ni dhaifu kuliko mukuna shamba zima. Kwa kubaki shambani mwaka wa kumi, nauamini zaidi.

Kaya zile ishirini niliziendea moja moja kurekebisha namba. Nane zilirudisha mbegu. Ripoti ya mradi haijasahihishwa mpaka leo, ingawa nimeandika barua mbili.

Keekee yenye utepe mwekundu imetundikwa ghalani kwa Mama T., kwa sababu vijana wanamwogopa yeye kuliko mimi. Kinachoning'inia bado ni kipande cha kawaida. Kiko kando ya njia ya kwenda kanisani, mahindi yake ni manjano, na anasema ni aibu watu kudhani ameshindwa kulima. Nimemwomba akiache miaka miwili zaidi, maana bila hicho hatuna cha kulinganisha. Amekubali, kwa masharti: gunia la maharagwe kila mvua fupi, na niweke kibao kando ya njia kinachoeleza kwamba lile la manjano ni la ofisa.